MARUBANI, WACHUMA CHAI NA HESABU YA MSHAHARA

(Maneno haya yalisemwa na mwalimu wa masomo ya chama mbele ya wajumbe wa viwanda na mashamba ya chai kutoka Kisii na Nyamira, walipokutana kutayarisha madai ya mapatano mapya. Tunayachapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa kusema juu ya kulinganisha mishahara. Najua wengine wenu mmetoka mbali. Wa Ogembo na Nyamache waliondoka nyumbani kabla ya jogoo, na wa Nyansiongo nimewaona wakikamua makoti yao hapo mlangoni. Kwa hivyo sitazunguka sana. Nitaanza na watu ambao hamkutazamia kusikia habari zao katika mkutano wa chai, yaani marubani wa ndege.

Mimi mwenyewe sijapanda ndege. Ninazozijua ni zile ndogo zinazotua Suneka wakubwa wanapokuja mazishini, watoto wakakimbia kuzitazama na wazee pia wakakimbia, ila wazee husema wanakwenda kutafuta watoto. Lakini tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na siku ile nilikuwa ndani ya matatu kutoka Keroka. Redio ikasema ndege zimekwama na abiria maelfu hawana safari. Bwana mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Watu wanaolipwa malaki wanagoma? Hao wameshiba!" Tukacheka sote, na mimi nikacheka.

Nilipofika nyumbani nikasoma gazeti vizuri, na kicheko kikaniisha. Chama chao, Kenya Airline Pilots Association, hakikuwa kimegoma kwa sababu ya kuongezewa mshahara wa mwezi. Jambo kubwa walilodai lilikuwa ile fedha ambayo kampuni ilikuwa ikiwawekea katika mfuko wa akiba ya uzeeni, na ambayo ilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa Korona. Walidai pia mishahara iliyozuiliwa wakati ule ule. Mahakama ya kazi iliwaamuru warudi kazini asubuhi ya tarehe 9, nao wakarudi. Kama walifanya vema kugoma au sivyo, hilo mtabishana wenyewe wakati wa chai. Mimi nilishangazwa na jambo lingine. Watu hawa walijua kwa hesabu kile ambacho hakionekani mkononi mwisho wa mwezi. Fedha ya uzeeni haijai mfukoni, hainunui unga, na mtu anaweza kukaa miaka miwili asijue kwamba imekatwa. Wao walijua mwezi uliokatwa na kiasi kilichokatwa.

Sasa nawauliza ninyi: ni nani hapa anayejua kazi yake inalipwa kiasi gani? Sisemi mshahara. Nasema kazi yote, na kila kitu kinachotoka kwa tajiri kuja kwako, na kila kitu kinachotoka kwako kwa sababu ya kazi ile. Naona watu wanatazama chini. Msione haya, maana mimi nilikuwa mjumbe wa wafanya kazi kwa miaka mingi bila kujua, na nitawaambia ilivyotokea.

Kilikuwa kiwanda kimoja ambacho jina lake nitaliacha. Tulikwenda kuzungumza na matajiri tukidai asilimia 20, na baada ya siku nyingi tukapata asilimia 12. Tuliporudi tulibebwa juu juu. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 5,000, ukawa 5,600. Katika karatasi tuliyotia sahihi palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba marupurupu yote ya zamani yameingizwa katika mshahara mpya. Tuliusoma ule mstari. Siwezi kusema hatukuusoma. Tuliuona ni maneno ya wanasheria tu, tukapita.

Marupurupu ya zamani yalikuwa nini? Yalikuwa lori lililowachukua watu wa shifti ya usiku mpaka njia panda, na kikombe cha chai na mkate saa sita ya usiku. Hayo hayakuwa yameandikwa popote, yalikuwa desturi. Mwezi uliofuata lori halikuja. Nikawa napanda bodaboda kwa shilingi 50, na nilikuwa na zamu 13 za usiku kwa mwezi, hiyo ni shilingi 650. Mkate na chai vikanigharimu shilingi 20 kila usiku, hiyo ni 260. Jumla 910. Nilikuwa nimepata nyongeza ya shilingi 600 na nikapoteza 910, na nilikuwa nimebebwa juu juu kwa ajili hiyo.

Hiyo ni fedha tu. Palikuwa na mama mmoja katika chumba cha kuchambua chai, mjane, ambaye hakuweza kulipa bodaboda kila usiku. Alikuwa akitembea. Usiku mmoja aliporwa njiani na kuvunjwa mkono. Aliacha kazi. Nilipokwenda kumpa pole hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, lile lori mliliuza kwa shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hatukujua kwamba tumeliuza.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kulinganisha ni kuandika vitu vyote, hata vile vidogo vinavyoitwa desturi. Viatu vya mvua na aproni. Maji ya kunywa. Kuni za nyumbani kwa wale wanaokaa katika nyumba za shamba. Ruhusa ya mazishi, ambayo kwetu Gusii si jambo dogo. Zahanati, na kama dawa zimo au ni kuta tu. Kila kimoja kitiwe bei yake. Ukikuta jambo ambalo huwezi kulitia bei, kama vile kutembea usiku, liandike hivyo hivyo, na liwe la kwanza katika karatasi.

Sasa turudi kwa marubani, maana wana jambo la pili la kutufundisha, na hili lawahusu zaidi wachuma chai.

Katika mashirika makubwa ya Marekani rubani hulipwa kwa saa. Ukisikia kiwango cha saa moja utashika kichwa. Lakini saa yenyewe huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka pale ilipoegeshwa mpaka itakaposimama mwisho wa safari. Akifika kazini mapema akakagua ndege na karatasi za hali ya hewa, saa ile haihesabiwi kwa kiwango kile. Akingoja mvua ipite kabla ndege haijasogea, vilevile. Tena sheria ya kule haimruhusu rubani wa ndege za abiria kuruka zaidi ya saa 1,000 katika siku 365. Kwa hivyo mtu akichukua kiwango cha saa akazidisha kwa saa 8 na siku 26 za kila mwezi kama tunavyofanya sisi, atapata mshahara ambao hakuna rubani aliyewahi kuuona.

Hata wahudumu wa ndege, wale wanaowapokea abiria na kubeba mizigo yao, kwa miaka mingi hawakulipwa kiwango chao wakati abiria wanapoingia, ingawa hiyo ndiyo saa ya kazi ngumu. Mwaka 2022 shirika la Delta lilianza kuwalipa nusu ya kiwango kwa muda ule. Wahudumu wake hawakuwa na chama, lakini chama kilikuwa kikiwaandikisha wakati ule ule. Tajiri husikia hatua za chama hata kabla hakijaingia mlangoni.

Sasa mchuma chai. Tuseme kwa ajili ya hesabu analipwa shilingi 10 kwa kilo. Siku moja amechuma kilo 45. Hiyo ni shilingi 450. Amechuma kwa saa 6, basi atasema, "Napata shilingi 75 kwa saa, si mbaya." Lakini baada ya kuchuma alibeba kikapu mpaka kituo cha kuuzia, akapanga foleni, akachambua majani makubwa yaliyokataliwa, akangoja lori lililokwama kwenye matope. Alitoka shambani saa saba, akapimiwa saa kumi. Saa 3 hizo nani amezilipa? Gawanya 450 kwa saa 9 na utapata shilingi 50. Mizani haijui kwamba ulingoja. Mizani inajua kilo peke yake.

Wenzetu marubani waliliona jambo hili zamani, na dawa yao ndiyo ninayotaka mwishike leo. Katika mapatano yao huweka saa za chini ambazo lazima zilipwe kila mwezi, mara nyingi saa 70 na kitu. Kama ndege hazina safari za kutosha, kama kuna dhoruba, kama kampuni imepanga vibaya, rubani hulipwa zile saa. Hatari ya kukosa kazi huibeba mwenye ndege, kwa sababu yeye ndiye mwenye kupanga safari.

Je, sisi tunadai nini? Kila mara tunadai senti zaidi kwa kilo. Lakini mnajua jinsi Januari na Februari zinavyokuwa hapa jua likiwaka. Majani hukauka, mtu anayechuma kilo 45 wakati wa mvua anarudi na kilo 15. Ukimwongezea shilingi 1 kwa kilo, umemwongezea shilingi 15 kwa siku ile ya njaa, na shilingi 45 siku ile ambayo tayari alikuwa na chakula. Nyongeza ya kiwango humfuata mtu wakati wa neema. Malipo ya chini yaliyodhaminiwa humfuata wakati wa shida. Mimi naona, na mnaweza kunipinga, kwamba tajiri akikubali siku za chini zinazolipwa kila mwezi, afadhali tupokee asilimia ndogo kuliko tulivyodai. Vivyo hivyo kwa wenzetu wa viwandani wanaoambiwa wabaki nyumbani majani yakipungua.

Jambo la tatu. Rubani wa Kenya akitaka kuhamia Dubai hatazami mshahara tu. Kule hakuna kodi ya mapato juu ya mshahara, na shirika kubwa humpa nyumba au fedha ya nyumba, na ada ya watoto. Hizo anaziongeza upande mmoja. Upande mwingine anaandika kwamba katika nchi ile sheria hairuhusu chama cha wafanya kazi, na siku akikosana na wakubwa atasimama peke yake. Vijana wetu wa kike na wa kiume wanaokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani wangefanyiwa hesabu kama hii kabla ya kupanda ndege, wengine wasingekwenda. Hiyo ni hotuba ya siku nyingine.

Basi tuifanye sisi wenyewe. Nitaandika ubaoni matajiri wawili. Si watu wa kweli, msianze kunong'onezana.

Tajiri wa kwanza anatoa shilingi 12,000 kwa mwezi, na nyumba imo ndani yake. Tajiri wa pili anatoa 10,500 na nyumba hapo hapo kiwandani. Ukiwauliza watu sokoni Daraja Mbili, wote watakwenda kwa wa kwanza.

Haya, tukate. Kila mtu anakatwa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF tangu Oktoba 2024, lakini si chini ya shilingi 300, na asilimia 1.5 ya nyumba za serikali. Kwa 12,000 hiyo ni 720, na 330, na 180. Jumla 1,230. Inabaki 10,770. Kodi ya chumba Keroka tuseme 2,500. Nauli shilingi 60 kwenda na 60 kurudi, siku 26, ni 3,120. Mkononi mwake imebaki 5,150.

Yule wa pili: 630, na 300, na 157.50. Jumla 1,087.50. Inabaki 9,412.50. Halipi kodi ya chumba, anakwenda kazini kwa miguu yake. Tofauti ni zaidi ya shilingi 4,200 kila mwezi, na ni yule mwenye mshahara mdogo aliyeshinda.

Namsikia mjumbe wa Tombe akisema, "Mwalimu, na kama nyumba yenyewe inavuja?" Umesema kweli. Na kama akistaafu anafukuzwa siku ile ile pamoja na watoto? Na kama yule wa kwanza anaweka kiinua mgongo cha mwaka na yule wa pili haweki? Yote yaingie. Ndiyo maana nimesema vitu vyote. Hesabu hii haina mwisho mzuri wa kupendeza, ina karatasi nyingi tu.

Angalieni pia jambo hili katika makato. Kwa NSSF na fedha za nyumba, tajiri naye hutoa kiasi kile kile. Kwa mtu wa 12,000 tajiri anatoa 900 juu yake. Akisema mezani kwamba mfanya kazi anamgharimu zaidi ya mshahara, hasemi uongo. Hiyo nayo iandikwe, tusije tukaonekana watoto.

Sasa juu ya asilimia. Neno hili limetudanganya kuliko neno lolote katika chama. Asilimia 10 ya mtu mwenye 10,000 ni 1,000. Ya mtu mwenye 60,000 ni 6,000. Kila mara tunaposhangilia asilimia, tunasukuma mbali zaidi wale walio juu yetu. Kuna wakati wa kudai asilimia na kuna wakati wa kudai shilingi sawa kwa kila mtu, na kwa watu wa chini shilingi sawa ni bora. Karani mwenye mshahara mkubwa hatapenda, na yeye pia ni mwanachama, kwa hivyo mgombane naye hapa hapa ndani kabla ya kwenda kwa tajiri.

Tena mapatano yetu mengi huwa ya miaka 2. Tuseme bei zinapanda asilimia 5 kila mwaka. Kitu cha shilingi 10,000 leo, baada ya miaka 2 kitakuwa 11,025. Tajiri akikupa asilimia 10 kwa miaka 2, una 11,000. Ameshikana mikono nawe, mmepigwa picha, na umerudi nyuma shilingi 25 kwa kila elfu kumi. Na hiyo ni kama bei zinapanda polepole. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulifika asilimia 9.6. Ofisi ya takwimu ya taifa hutangaza hesabu hizi kila mwezi, hakuna siri. Mjumbe anayekwenda kuzungumza bila karatasi ile ni kama mtu anayekwenda kuchuma bila kikapu.

Wengine mtasema serikali imeweka kima cha chini. Ndiyo. Katika amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, mfanya kazi wa shamba asiye na ujuzi aliwekewa shilingi 7,997 na senti kadhaa kwa mwezi. Hiyo ni sakafu. Likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, miezi 3 ya uzazi kwa mama kwa mshahara kamili, wiki 2 kwa baba, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, hizo nazo ni sakafu zilizo katika Sheria ya Kazi ya 2007. Tajiri akija mezani akitaja likizo ya siku 21 kama zawadi yake, mwambieni kwa heshima kwamba hiyo ilitolewa na Bunge. Nimeona mapatano yenye kurasa 14 ambayo kurasa 9 zake zilikuwa sheria iliyonakiliwa. Ondoeni yote ambayo mngepata bila chama, kisha mlinganishe yaliyobaki.

Na msiwasahau vibarua. Sheria ile ile, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3 kwa jumla, ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Tukilinganisha viwanda viwili, tuulize pia ni wangapi ni vibarua katika kila kimoja. Kiwanda kinaweza kulipa vizuri sana watu wake 40 wa kudumu huku wengine 80 wakisimama getini kila asubuhi.

Sasa nafika mahali pagumu, na nawaomba mnivumilie.

Rubani akigombana na kampuni, anagombana na kampuni. Lakini hapa kwetu, viwanda vingi, Kebirigo, Sanganyi, Gianchore, Kiamokama, Itumbe na vinginevyo, ni mali ya wakulima wadogo wenye hisa. Tangu mwaka 2000, KTDA ilipoacha kuwa mali ya serikali, tajiri wako ni mama yako. Ni baba mkwe wako. Ni yule jirani aliyekuja kwenye risaga ya kulima shamba lako. Bonasi ikiwa ndogo, na huku magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, mkulima anatafuta mtu wa kumlaumu, na mfanya kazi wa kiwanda ndiye aliye karibu. Wakubwa wanalijua hili. Wanasema, "Mkiwaongeza hawa, mtapunguza bonasi ya mama zenu." Na wajumbe wetu hunyamaza, kwa sababu jioni watarudi kula kwa mama zao.

Mimi nasema tusinyamaze, tupige hesabu. Tuseme kiwanda kinapokea kilo milioni 12 za majani mabichi kwa mwaka, na kina wafanya kazi 150. Tunadai shilingi 1,500 zaidi kwa kila mtu kwa mwezi. Zidisha: ni shilingi 2,700,000 kwa mwaka. Ongeza sehemu ya tajiri ya NSSF na nyumba, asilimia 7.5, shilingi 202,500. Jumla 2,902,500. Gawanya kwa kilo milioni 12. Ni senti 24 kwa kilo. Mama anayepeleka kilo 3,000 kwa mwaka atapungukiwa shilingi 725 hivi kwa mwaka mzima.

Sitawaambia kwamba 725 si kitu. Kwa mama yangu ni kitu. Lakini sasa ni jambo ambalo unaweza kumweleza mama ukiwa umeketi naye jikoni, naye akakuuliza maswali, na akaenda mkutano wa wenye hisa akauliza na mengine: gharama za umeme na kuni ni senti ngapi kwa kilo? Gharama za usimamizi ni ngapi? Posho za vikao ni ngapi? Mkiweka senti zetu 24 kando ya hizo, huenda mkulima akatutazama kwa macho mengine. Huenda pia asitutazame hivyo. Lakini kumficha hesabu ndiko kunakomfanya aamini ya wengine.

Na hesabu hizo za kiwanda mtazipata wapi? Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yamtaka tajiri aliyekitambua chama akipe habari zote zinazohusika ili kiweze kuzungumza sawasawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya kuzungumza na matajiri kwa pamoja. Lakini hakuna mtu atakayekuja na faili mkononi kukutafuta Nyankoba. Lazima iombwe kwa barua, barua itiwe tarehe, na nakala ibaki kwa karani wa tawi. Nimeona tawi likilalamika mwaka mzima kwamba linanyimwa hesabu, na nilipoomba barua waliyoandika, haikuwako. Walikuwa wameomba kwa mdomo, wakikutana na meneja njiani.

Jambo dogo la mwisho. Msilinganishe kiwanda chenu na shamba kubwa la Kericho kwa maneno ya shemeji aliyekuja Krismasi. Shemeji hutaja mshahara wa mwezi wa mvua pamoja na ovataimu, na hutaja mbele ya watu. Ombeni karatasi ya mshahara, na ombeni mapatano yao. Mapatano yote husajiliwa katika mahakama ya kazi, nayo hayana nguvu mpaka yasajiliwe, kwa hivyo yapo na yanaweza kusomwa.

Karani atawapa kila mmoja karatasi yenye mistari. Upande wa kushoto andikeni kinachotoka kwa tajiri, kulia kinachotoka kwenu kwa sababu ya kazi. Kila kiwanda kilete watu watano: mmoja wa boila, mmoja wa chumba cha kunyausha majani, mmoja wa kuchambua, mmoja wa usiku, na kibarua mmoja. Wa mashamba walete wachuma watatu, na angalau wawili wawe akina mama. Kila mtu aje na karatasi mbili za mshahara, moja ya mwezi wa mvua na moja ya mwezi wa kiangazi. Asiyepewa karatasi ya mshahara aandike hivyo kwa mkono wake na atie sahihi, maana hilo nalo ni dai. Zirudishwe kwa karani kabla ya kamati kukaa, na tafadhali msizikunje pamoja na majani chai kama mara iliyopita.